Unyevu

Mwaka huu nilinunua tiketi ya siku tatu
kwa hela niliyoitengea feni.
Bango lilisema: Tamasha la Bluzi na Muziki wa Asili.
Sikudhani akauliza, bluzi ndiyo blauzi?
Nikamwambia twende, utaivaa ukifika.

Tukavishwa utepe wa karatasi mkononi, wa kijani,
na kijana asiyetutazama usoni.
Makumbusho, mwezi wa tatu,
joto limelala vichwani kama kitenge kilichoroweshwa.
Tulimsikiliza bwana mmoja wa Tukuyu
anayepiga gitaa kana kwamba anamdai mtu;
tukasikiliza marimba, tukala mihogo,
Sikudhani akavua viatu.
Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya Chilongani.

Miaka minne namfuata.
Namjua kwa mgongo, namjua kwa kikohozi.
Siku za kawaida anaziba pancha Chamwino,
zeze limetundikwa juu ya pampu;
aliniambia mwenyewe, tukiwa kwenye foleni ya choo.

Saa mbili usiku akaitwa.
Akakaa kwenye kiti cha plastiki,
akapitisha upinde wa katani mara moja,
zeze likatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.
Akasokota kigingi. Akapitisha tena.
Chini zaidi.
Ile ngozi ilikuwa inainywa Dar es Salaam tangu alfajiri,
tangu basi lilipoipita Chalinze
na vioo vya madirisha vikaanza kutoka jasho.
Fundi mitambo, kwa wema, akamsogezea kipaza sauti,
kikaikuza aibu mpaka Barabara ya Bagamoyo.

“Moto,” akasema. “Nipeni moto.”
Mlinzi akasema moto hauruhusiwi.
Basi akashuka jukwaani,
zeze kifuani kama mtoto mwenye homa,
akapita katikati yetu, samahani, samahani,
akaenda kwa muuza chipsi.

Nikamfuata. Katika mambo haya sina haya.
Mama wa chipsi akasogeza kikaango,
akasema, mkaa wenyewe ghali, usinimalizie.
Chilongani akakigeuza kibuyu juu ya makaa
polepole, kama mtu anayechoma hindi la mgeni,
akiigonga ngozi kwa ukucha:

tu.

tu.

ti

Mafuta yakachacharika. Nikamwona ametega sikio,
mdomo wazi kidogo,
na mimi mdomo wazi,
na mama wa chipsi, kijiko hewani, mteja wake akilalamika.
Sijui kitu kinachonikamata roho
kama sauti iliyo njiani, haijafika.

Akakimbia kurudi.
Akapiga nusu wimbo, pengine robo,
sauti kavu, ya vumbi, ya kwao,
kisha hewa ya bahari ikapanda jukwaani
ikaikalia ngozi tena.
Mshereheshaji akatazama saa. Muda umekwisha.
Wakapanda vijana wenye matarumbeta
na watu wakacheza, hata mimi, kwa kweli, nilicheza.

Usiku, tukirudi Mbagala, Sikudhani akanigeukia:
Kwa hiyo tumelipa kumwona mtu anaota moto?
Nikasema ndiyo.
Akanyamaza mpaka Mtoni. Halafu akasema,
mwakani nitakuja na kiti changu.

Leo Alhamisi. Utepe bado uko mkononi,
kijani chake kimekuwa majivu kwa sabuni.
Nilikuwa nakata kitambaa cha mapazia, dukani Kariakoo,
mteja akauona.
Ulilazwa, dada?
Siku tatu, nikajibu.
Pole. Ugonjwa gani?
Nikaweka mkasi chini,
nikagonga ubao wa meza kwa ukucha,
tu, tu,
nikainamisha kichwa.
Ubao nao ulikuwa na unyevu.